Hatua Mia Tisa na Kumi na Nne

Mkebe ulikuwa wa biskuti, kifuniko kimeshika kutu,
na bibi, Tan Engracia, aliukumbatia kama mtoto mwenye homa
hadi mezani kwa karani wa ardhi, Saipan, mwaka wa hamsini na mbili.
Mimi nilikuwa ulimi wake. Miaka kumi na miwili,
kaptula yangu imeshonwa kwa turubai la hema la kambi.

"Hati," akasema karani.

Ndani mlikuwa na tofali la karatasi.
Siku ishirini pangoni, mwezi ule wa mizinga,
maji yakichuruzika ukutani, yaliziganganisha hati zote:
Mhispania kalala juu ya Mjerumani,
Mjapani kawalalia wote wawili,
wino wa taji umevujia bawa la tai.
Karani akatwaa wembe, akajaribu kuwatenga.
Hawakutengeka. Walifukuzana wakiwa hai;
waliposhikana, walishikana mkebeni mwetu.

"Basi shamba lina ukubwa gani?"

Bibi akaanza, nami nikamkimbilia nyuma kwa maneno.
Kwamba padri alimpimia babu yake kwa kamba yenye mafundo
siku ya ubatizo, kwa kuwa siku hiyo padri alikuwa na wino.
Kwamba Wahispania walipoviuza visiwa kwa Wajerumani
hakuna aliyepita kuuliza kama vilivyomo vinauzwa pia:
mshelisheli, kuku, sisi.
Kwamba Mjerumani alikuja na mnyororo wa chuma,
akasema hekta nne, akasema pandeni minazi, mstari unyooke.
"Baba akapanda mchana. Usiku aling'oa mmoja,
mmoja tu,
akaupanda hatua mbili pembeni."

Kisha meli za Mjapani, Oktoba, asubuhi;
bendera ilibadilishwa kahawa ikiwa bado moto.
Hekta nne zikazaa: tsubo elfu kumi na mbili na mia moja!
Tukajiona matajiri, hadi reli ya miwa
ilipopitishwa kati ya jiko na kisima.
"Wakaniandika Enguurashia. Niliitika.
Kwenye foleni ya mchele unaitika lolote."

"Anasema nini?" akauliza karani.
"Hekta nne," nikasema.

"Na nani alimpa?"
Bibi akamtazama, akatazama wembe, akasema:
"Muulize nani alimpa yeye hilo swali."
Nikatafsiri: "Anasema ni la baba yake."

Karani akaandika.
Bibi hakuijua lugha ile,
lakini alisikia adabu ndani yake,
akajua si jibu lake.
Njia nzima hakunisemesha.

Jioni akanipeleka huko. Shamba lilikuwa chini ya matumbawe yaliyosagwa,
jeupe, gumu, uwanja walikorukia ndege za kubeba moto.
Majani yalikuwa yameanza kupenya kwenye nyufa.
Akavua viatu. Akasimama pasipo na chochote,
akasema, "Mshelisheli," akaanza kutembea,
akihesabu kwa tarakimu alizoziacha Mhispania,
kwani zile zetu za kale hakuna nyumbani aliyezikumbuka,
hadi kwenye jiwe lenye mgongo wa nguruwe,
ambalo tingatinga lilishindwa kuling'oa.
Mia tisa na kumi na nne.
"Hiyo," akaniambia, "itafsiri."

Sasa karatasi ninayo, yenye muhuri wa tai mwingine:
ekari tisa na nukta kadhaa.
Naiweka kwenye plastiki, pango lolote lisije likailowesha.
Lakini hatua zangu ni ndefu. Nikitoka pale pasipo na mti
nafika jiweni kwa mia saba na kitu,
na shamba linakuwa limepungua.
Kwa hiyo narudi, navua viatu,
naufupisha mguu,
naanza moja.